Mgao wa Chura Mbuzi

Nchi yenyewe ipo, ila msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Akitoka nje ya mlango wake akatembea kidogo, huenda akadhani amefika. Basi na arudi zake ndani, amekosea, kwani nchi tunayoisimulia iko mbali sana, na viongozi wake ni wa ajabu, tofauti kabisa na wale anaowafahamu yeye. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Mkuu wake huitwa Mlezi, kwa sababu wananchi wote ni watoto wake, wakiwamo wazee waliomwona akizaliwa.

Katika nchi hiyo alikuwapo mtafiti mmoja aitwaye Sikudhani Mbaruku, mwajiriwa wa Idara ya Wanyama Wadogo. Idara hiyo ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya gereji ya wizara, na mfanyakazi mmoja, ambaye ndiye yeye. Wazazi wake walikufa angali mchanga, akalelewa na shangazi yake, Bi Zamoyoni, kwenye bonde la Mzinule, pembeni mwa kinamasi kikubwa. Watu wa huko walilima mpunga, walivua kambare, walikata ukindu wa mikeka, na kwa ujumla walikuwa hawajamsumbua mtu.

Kosa lao ni kwamba kinamasi kilikuwa kizuri kwa miwa. Serikali ilitaka kukikausha na kumpa mwekezaji, na kwa kuwa Serikali ya Shwari haimwonei mtu, ilituma kwanza ofisa kwenda kuhakikisha kwamba bonde halikaliwi. Watu wa Mzinule walimpokea ofisa huyo vizuri, wakamlaza kwenye kitanda cha mwenyekiti, wakamlisha wali na kambare mpaka akafungua mkanda. Akarudi mjini akaandika kwamba bonde halikaliwi.

Bi Zamoyoni akampigia simu mpwa wake. "Mwanangu," alisema, "wewe uko huko kwa wakubwa. Huna la kuwaambia?"

Sikudhani hakuwa na la kuwaambia wakubwa, maana wakubwa walimjua kama yule mama wa nyuma ya gereji. Lakini alikuwa na chura.

Chura mbuzi hajazi kiganja. Ana rangi ya tope, na juu ya kila jicho ana kipembe kimoja cha ngozi laini. Akilia, hulia kama mwana-mbuzi aliyepotezana na mama yake. Sikudhani alikua akimsikia akidhani yuko kila mahali duniani, mpaka alipokwenda chuo akagundua kwamba hakuna aliyewahi kumsikia. Miaka yake yote ya kazi alikuwa amezunguka vinamasi vya nchi nzima akimtafuta, akitoka na ruba miguuni na homa, na hakumpata popote ila Mzinule. Na Shwari ilikuwa na sheria nzuri sana, iliyotungwa ili kuwafurahisha wageni fulani waliokuja na msaada, isemayo kwamba mahali anapoishi kiumbe asiyepatikana kwingine pasiguswe. Wageni walikwisha kuondoka, na hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Basi Sikudhani akaomba nafasi ya kulitangaza jina la chura wake mbele ya mawaziri. Akapewa.

*

Alivaa gauni lake la kitenge la harusi za watu, akasimama mbele ya meza ndefu. Alitayarisha hotuba ya kinamasi na watu wake, lakini hakufika huko.

"Kabla ya yote," alisema mwenyekiti wa kikao, "kiumbe huyu ni wa wizara gani?"

Waziri wa Uvuvi akasema kwamba anaishi majini, kwa hiyo ni samaki, ila hajamaliza. Waziri wa Uraia akapinga kwa uchungu. "Mara yumo majini, mara yuko nchi kavu! Huyu ana makazi mawili, waheshimiwa, na sheria zetu haziruhusu. Achague upande."

Akasimama Waziri wa Mifugo, Mheshimiwa Lukando. Alikuwa mtu mpana mwenye mikono laini, aliyesema polepole kama mtu anayesubiri maneno yake yaandikwe kwenye jiwe.

"Ana pembe au hana?"

"Anazo, Mheshimiwa," Sikudhani alijibu, "lakini si pembe hasa. Ni ngozi tu ambayo—"

"Bi Mtaalamu, nimeuliza anazo au hana."

"Anazo."

"Ng'ombe ana pembe. Mbuzi ana pembe. Na wenyeji wenyewe, watu wasiosoma, wasio na sababu ya kudanganya, wanamwitaje?"

Sikudhani alisita. "Chura mbuzi."

"Mbuzi," Lukando alirudia kwa upole.

"Mheshimiwa, hutaga mayai."

"Kuku naye hutaga mayai, na yuko chini yangu."

Wakapiga meza kwa furaha, na chura akaingia rasmi kwenye orodha ya mifugo, baada ya punda. Sikudhani alijiambia si kitu, wamwite wanavyotaka, mradi lije swali lenyewe. Nalo likaja.

"Anapatikana wapi?"

"Mzinule tu," alisema, neno alilolingoja miaka mingi. "Nimepita kila mkoa, waheshimiwa. Hayupo kwingine. Mtawanyiko wake wote duniani ni hicho kinamasi kimoja. Kikikauka, amekwisha."

Akawatazama mmoja mmoja, akaona nyuso zimebadilika, na moyo wake ukainuka. Wamesikia, alifikiri. Mungu mkubwa, wamesikia.

"Mzinule tu?" aliuliza Mheshimiwa Lukando.

"Mzinule tu, Mheshimiwa."

"Na mikoa mingine imekosa nini?"

*

Mlezi mwenyewe alihutubia taifa redioni. Tunayaweka hapa maneno yake kwa faida ya wale ambao redio zao siku hiyo zilikuwa mbovu, kwani tumesikia walikuwa wengi.

"Wanangu. Nimepata habari zilizoninyima usingizi wangu wa mchana. Wakati mikoa yetu mingi haina hata chura mmoja mwenye pembe, liko bonde moja, sitalitaja, la Mzinule, ambalo limejilimbikizia wote. Wote! Je, tulipigania uhuru ili pembe ziwe za wachache? Kuanzia leo chura mwenye pembe ni tunu ya taifa zima. Atagawiwa kwa haki, dume na jike, kwa kila mkoa. Na mkoa utakaoshindwa kumtunza chura wake nitajua kwamba ulishindwa kunitunza mimi."

Sikudhani aliteuliwa kuwa Mratibu wa Mgao. Alipewa gari lenye bendera ndogo na ofisi yenye dirisha. Usifikiri hakutaka kukataa. Aliandika barua ya kukataa, akaichana, akaandika nyingine, mwisho akajiambia kwamba akiikataa kazi ataletwa mtu asiyejua hata chura analala wapi, na huyo atawamaliza. Akiwamo yeye, huenda akapeleka wachache mikoani na kuwaacha wengi majini. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alikuwa mkweli. Akapanda gari lenye bendera akaenda nyumbani kwao.

Watu wa Mzinule waliamriwa kuingia kinamasini na matenga. Walikamata kwa utii mkubwa, hawakubakisha hata mmoja majini, kwani walidhani wanaokoa bonde lao. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyewaambia. Bi Zamoyoni, mzee kama alivyokuwa, alikunja kanga akaingia mpaka magotini.

Matenga yalipojaa, akaja Afisa Mifugo wa wilaya, Bwana Chubwa, akasema yapelekwe kwenye josho.

"Josho la nini?" Sikudhani aliuliza.

"La ng'ombe, dada. Hatuna jingine."

Josho ni mtaro wa saruji uliojaa dawa ya kupe, ambamo ng'ombe huogeleshwa. Maji yake yalikuwa meupe kama tui, na harufu yake ilichoma macho.

"Bwana Chubwa, hawa si ng'ombe! Ngozi ya chura inakunywa. Ukimtia humo ni sawa na kumnywesha sumu."

"Dada Sikudhani, naelewa kabisa. Na mimi nilikwenda chuo." Alikuwa mtu mwema, na kweli macho yake yalikuwa na huzuni. "Lakini mfugo usioogeshwa haupati kibali cha kusafiri. Wasiposafiri hakuna mgao. Pasipo mgao, mimi na wewe tutaulizwa tulikuwa wapi. Nina watoto wanasoma, dada."

Sikudhani alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume asiye ndugu yake. "Basi tuwaogeshe pembe tu. Si pembe ndizo zilizowafanya mifugo?"

Bwana Chubwa akafikiri, akaona hiyo ni hoja ya kisheria. Wakachukua pamba, wakaanza kugusa vipembe, chura mmoja mmoja, taratibu, yeye na Sikudhani wamechuchumaa kama watu wanaotia wanja. Ilikwenda vizuri mpaka simu ilipomwita Bwana Chubwa ofisini. Vijana wake waliona jua linakwenda na kazi haiendi. Wakayainua matenga wakayamimina.

Sauti iliyotoka mle joshoni ilikuwa ya zizi zima la wana-mbuzi. Haikuchukua muda mrefu. Bi Zamoyoni alisimama na kanga yake imelowa, matope mpaka magotini, akamtazama mpwa wake.

"Mwanangu," alisema, "ulisema unatuletea watu wa kutusaidia."

Taarifa ya siku hiyo ilisema uogeshaji ulifanyika kwa ufanisi, na hakuonekana kupe hata mmoja.

*

Walionusurika ni wale waliokwisha kupakwa kwa pamba. Waligawiwa kwa haki.

Mkoa wa kaskazini, usiojua mvua, ulimjengea chura wake nyumba ya marumaru yenye kiyoyozi na mlinzi mwenye bunduki. Kiyoyozi kilimkausha akawa kama jani la mwembe, naye mkuu wa mkoa akatuma salamu kwamba chura ametulia. Mkoa wa pwani ulimweka kwenye beseni la maji ya chumvi ili ajisikie yuko likizo. Mkoa mmoja wa bara ulipokea dume peke yake, jike akiwa amefia njiani, na mkuu wake akauliza kwa maandishi kama jirani zake wanaweza kumpatia nusu ya jike.

Sikudhani alizunguka na gari lake lenye bendera kutoka mkoa hadi mkoa, akiomba. Aliomba maji yasiyo na dawa, aliomba kivuli, alipiga magoti mbele ya mkuu wa mkoa mmoja aliyekuwa amemvalisha chura wake utepe wa rangi za taifa shingoni, akamwambia utepe unamnyonga. "Chura hana shingo," mkuu wa mkoa alijibu, naye alikuwa sahihi kabisa.

Kila alikofika alikuta mfu. Na kila alikotoka ilitumwa taarifa kwamba chura anaendelea vizuri. Halafu mkoa mmoja, ukitafuta sifa, ukaandika kwamba chura wake wamezaa. Mingine ikaona haya, ikazaa pia. Mheshimiwa Lukando alipojumlisha, akampelekea Mlezi habari njema kwamba Shwari sasa inaongoza duniani kwa chura wenye pembe, nchi nyingine zikiwa hazina hata mmoja. Mlezi alifurahi mno. Akaamuru Siku ya Uhuru kila mkoa ulete chura wake, wapite mbele yake kwenye gwaride.

Hapo ndipo serikali nzima ilipokimbilia Mzinule kutafuta wengine.

Walikesha? La, walifanya kazi mchana kweupe, wakiwa na nyavu, mbwa na polisi. Kinamasi hakikuwa na chura mbuzi hata mmoja. Na kwa kuwa taarifa zote zilisema chura wanaongezeka, ikawa dhahiri kwamba watu wa Mzinule wamewaficha. Polisi walivunja mitungi, walitoboa magodoro. Kisha jirani mmoja, aliyepigwa mpaka akakumbuka, alisema kwamba Bi Zamoyoni ameonekana akimwagilia migomba yake mvua ikinyesha.

Walipekua nyumba, wakapekua chini ya kitanda, wakachimba chini ya jiko. Migomba yenyewe iliota nyuma ya bafu, mahali yanapotuama maji machafu ya kuogea, na ofisa aliyeongoza upekuzi alikuwa na viatu vipya. Hakufika huko. Bi Zamoyoni akakamatwa hata hivyo, kwa kosa la kuhodhi chura wa umma.

Sikudhani alimkuta gerezani ameketi sakafuni, mdogo kuliko alivyomzoea. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Sikudhani akalia. Mzee akamwacha alie mpaka askari alipogeuka kuwasha sigara, ndipo akamsogezea mdomo sikioni.

"Mmoja yuko. Nilimtoa tengani siku ile kabla ya josho. Yuko kwenye migomba. Ukienda, mwagia maji kidogo, jioni."

"Shangazi, ungewapa tu! Wangekuachia!"

"Ningewapa wamfanye nini?" alisema Bi Zamoyoni. Kisha, kama aliyeona ametia maneno makubwa mno mdomoni, akaongeza: "Mimi nataka kurudi nyumbani, mwanangu. Humu ndani kuna baridi. Nitoe."

*

Mheshimiwa Lukando alimpokea Sikudhani kwa chai na kashata. Mezani, ndani ya sanduku la kioo, walikaa vyura wa kawaida, wale wa mitaroni, wanene. Kila mmoja alikuwa amegundishwa miiba miwili ya mchongoma juu ya macho, kwa gundi ya mafundi viatu.

"Hawa ni wa mikoa," alisema Lukando. "Kazi safi. Kwa mbali hutofautishi."

"Hao ni vyura wa mtaroni, Mheshimiwa."

"Ni chura gani, hilo ni suala la uainishaji, na mwainishaji ni wewe. Mlezi hatauliza mawaziri. Atauliza mtaalamu." Akamsogezea kashata. "Shangazi yako ana umri gani?"

Sikudhani aliirudisha kashata sahanini.

"Gereza lile halina mablanketi. Nimelalamika mara nyingi. Siku ya Uhuru Mlezi husamehe wafungwa, na mimi ndiye ninayempelekea majina. Sikulazimishi, Bi Mtaalamu. Katika nchi hii hatumlazimishi mtu."

Alitazama wale vyura. Mmoja alikuwa amegundishwa vibaya, gundi imemziba jicho. Alifikiria miaka yake ya ruba na homa, halafu akafikiria midomo iliyokauka. Alitegemea kuona mambo hayo mawili yakipigana ndani yake kwa muda. Hayakupigana.

"Andika jina lake," alisema. "Zamoyoni binti Mbaruku."

*

Siku ya Uhuru wafungwa wa msamaha waliletwa uwanjani, wakapangwa nyuma ya kamba, ili waachiwe huru mbele ya Mlezi baada ya gwaride. Sikudhani aliketishwa jukwaani karibu na kiti kikuu. Kutoka pale alimwona shangazi yake, ameshikwa mkono na mfungwa mwingine.

Bendi ikapiga. Wakuu wa mikoa wakaingia, kila mmoja amebeba mto wa mahameli, na juu ya mto chura. Watu walishangilia kama walivyofundishwa. Mlezi akasimama, akapiga saluti.

Mvua ikaanza. Haikuwa kubwa, kwingine ingeitwa manyunyu. Lakini vyura walifurahi, na gundi ya viatu ikalegea. Mwiba mmoja ukaanguka kwenye mahameli. Kisha mwingine. Chura wa mkoa wa kaskazini akajifuta uso kwa mkono, pembe zote mbili zikamtoka, akaruka kutoka kwenye mto akatua mbele ya bendi. Mpiga tarumbeta akakosa noti. Bendi ikanyamaza.

Mahali fulani kwenye umati mwanamke mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Mlezi alishusha mkono wake wa saluti taratibu. Hakumtazama Lukando, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka kuwa rangi ya unga. Aligeuka kwa Sikudhani.

"Mtaalamu," aliuliza, "nini hiki?"

Maelfu ya watu walikuwa wakimtazama, mvua ikiwanyeshea. Sikudhani akasimama. Aliona sura ya ukweli wote pale mbele yake, mfupi na rahisi, na angeweza kuusema kwa pumzi moja. Aliona pia askari wamesogea karibu na kamba ya wafungwa, wakisubiri kuona kama leo kuna msamaha au hakuna.

"Wamekomaa, Mtukufu Mlezi," alisema.

"Wamefanyaje?"

"Chura mbuzi... akiwa mdogo huwa na pembe. Akikomaa humdondoka. Kama meno ya mtoto. Mtukufu amebahatika. Ni nadra kushuhudiwa."

Mlezi alimtazama kwa muda ambao kwa Sikudhani ulikuwa mrefu kuliko ujana wake. Kisha uso ukamfunguka, akashika kipaza sauti.

"Wanangu! Mmeona? Pembe ni utoto! Pembe ni ukaidi, ni tabia ya kutaka kumchoma mwenzako. Chura wa Shwari amekomaa mbele ya macho yenu. Leo natangaza: tunu ya taifa ni chura asiye na pembe!"

Uwanja ukalipuka. Lukando alilia waziwazi. Wafungwa wakaachiwa, na Bi Zamoyoni akavuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe, akiwapisha vyura.

*

Yaliyofuata yalifuata kwa mpangilio mzuri. Kwa kuwa tunu ya taifa ni chura asiye na pembe, na kwa kuwa huyo yuko kwenye kila mtaro, chura wa Shwari hakuwa tena adimu. Kwa kuwa si adimu, sheria ya kiumbe asiyepatikana kwingine haikuihusu Mzinule. Mashine za mwekezaji zikaingia kinamasini wiki hiyohiyo. Na kwa kuwa chura mwenye pembe ni yule aliyekataa kukomaa, wananchi wakaombwa kuwasalimisha wote watakaoonekana, na wakaguzi wakatumwa nyumba hadi nyumba kuwasaidia. Sikudhani alipandishwa cheo. Uainishaji mpya ulipewa jina lake.

Alikwenda Mzinule bila gari la bendera. Alimkuta shangazi yake uani, anasikiliza mashine. Mfereji mpana ulikuwa umechimbwa nyuma ya shamba la mpunga, maji yakikimbilia huko meusi, na kambare wakirukaruka kwenye tope. Watu walikuwa wakiwaokota.

"Shangazi," alisema, "mimi ndiye niliyewapa maneno yale. Yalinitoka mdomoni mwangu."

"Nilikuwapo. Nilisikia."

"Ningenyamaza, pengine..."

"Ungenyamaza, mimi ningekuwa wapi?" Bi Zamoyoni alinyanyuka kwa kushika goti. "Wakaguzi wamefika nyumba ya Mashavu, ya tatu kutoka hapa. Wanapekua hata bafuni, hawa wa safari hii wana mabuti. Njoo."

Nyuma ya bafu, kwenye tope la chini ya migomba, mzee aliingiza mkono kama anayetafuta pete, akatoa chura. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa mzima. Vipembe vyake viwili vilisimama vimelowa, laini, vikipwita kidogo kila alipovuta pumzi. Sikudhani alimpokea kwa mikono miwili. Hakukuwa na mwingine duniani, na alijua hilo kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi.

"Tumpeleke wapi?" aliuliza. "Shangazi, tumpeleke wapi? Nimepita kila mahali. Hakuna mahali."

Bi Zamoyoni alikuwa ametoa mkasi mdogo wa kushonea kutoka kwenye pindo la kanga.

Sikudhani alipouona alielewa, akarudi nyuma hatua. "Hapana."

"Ni ngozi. Wewe mwenyewe ulisema ni ngozi."

"Ataumia."

"Ataumia," mzee alikubali. Sauti za wakaguzi zilikuwa zimefika kwenye ua wa jirani; mtu alikuwa akipindua ndoo. "Wakimkuta hivi watamponda kwa buti. Mshike vizuri, asitapetape. Mkono wangu si ule wa zamani."

Akamshika. Chura alilia mara moja tu, ile sauti ya mwana-mbuzi, na Sikudhani akamfunika kwa kiganja ili isivuke ukuta, akahisi moyo wa chura ukipiga kwenye vidole vyake. Mkasi ukauma mara ya kwanza. Mzee akapumua, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akakata mara ya pili.

Mkaguzi aliingia bila kubisha. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, akasalimia wote wawili kwa shikamoo. Akamwona chura pale topeni walipomweka, akainama kumtazama kwa makini.

"Mbona ana damu?"

"Ndiyo kwanza amekomaa," alisema Bi Zamoyoni. "Leo hii."

"Oh! Hongera yake." Kijana alimsukuma chura kwa ncha ya buti, kirafiki, naye akajikokota chini ya jani la mgomba. Kisha akamgeukia Sikudhani, akamtambua, akanyooka kwa heshima. "Mtaalamu! Samahani, sikukutambua. Mbona umefumba ngumi, umeumia?"

Sikudhani hakuifumbua. Ndani yake vile vipembe viwili vilikuwa bado vimelowa.

"Nimekata kucha," alisema.

Kijana alitabasamu, akasema kwamba kukata kucha ni usafi na laiti wananchi wote wangekuwa hivyo, akaaga, akaenda nyumba ya pili.